Muvi ya kufuata Dar, ya kusubiri na ya kibandani: ulinganisho kwa watazamaji wa Tanga na Bagamoyo

Wazee wa Tanga mjini wakizungumzia sinema hutaja Majestic na Novelty, maana zamani muvi ndiyo iliyomfuata mtazamaji. Siku hizi mtazamaji ndiye anayeifuata. Anayetaka muvi ya nje wiki ile ile inayotoka, apande gari. Asiyetaka safari ataisubiri ifike mtandaoni, au ataikuta kibandani, kwenye kibanda cha video, ikiwa imetafsiriwa, au atakusanya wenzake uani na projekta. Hakuna njia kati ya hizi iliyo bora kwa kila muvi. Ipo muvi inayoharibika kibandani na ipo inayochangamka huko huko. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama muvi ni kali, uliza ikitolewa ukumbini itapoteza nini: sauti, ukubwa wa picha, maneno, au haipotezi kitu.

Kuifuata ukumbini

Hapa Bagamoyo na Tanga hazilingani hata kidogo. Kutoka Bagamoyo mpaka Dar ni kilomita kati ya 60 na 75, kutegemea unashukia wapi. Daladala zinaishia Makumbusho, na ukumbi wa Mlimani City hauko mbali na hapo, unapita Mwenge tu na kuingia barabara ya Sam Nujoma. Unaenda na kurudi siku hiyo hiyo, ila saa ya onyesho uichague kwa hesabu. Chukua saa ya tiketi, ongeza dakika 20 za matangazo na trela, ongeza urefu wa muvi, kisha ongeza saa nzima ya kutoka ukumbini mpaka uwe umekaa garini. Avatar: Fire and Ash, iliyotoka Desemba 2025, ina dakika 197. Aliyeingia onyesho la saa 1 usiku alitoka zaidi ya saa 4 na nusu, na muda huo gari la Bagamoyo ni la kubahatisha. Muvi ya namna hiyo ni ya onyesho la mchana. Ikiwa onyesho la mchana halipo siku unayotaka, badilisha siku, usibadilishe saa.

Tanga ni habari nyingine. Kutoka stendi ya Kange mpaka Magufuli pale Mbezi ni kama kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze. Hiyo ni nusu siku barabarani, na ukijumlisha nauli, chakula na pa kulala, tiketi yenyewe ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Ndiyo maana mtu wa Tanga asiende Dar kwa kila muvi yenye jina. Achague moja au mbili kwa mwaka, aziunganishe na shughuli nyingine, na akifika aone mbili kwa siku: ndefu kwanza akili ikiwa bado haijachoka, nyepesi baadaye.

Watu wengi wa Tanga wanasahau kwamba Mombasa ni karibu zaidi, kama nusu ya safari ya Dar, na kuna ukumbi Nyali. Unavuka Horohoro na Lunga Lunga, kisha kivuko cha Likoni. Unahitaji hati ya kusafiria iliyo hai na shilingi za Kenya mkononi. Kinachovuruga ratiba ni vitu viwili, foleni ya mpakani na foleni ya Likoni, na vyote havitabiriki. Usikate tiketi ya onyesho la siku hiyo hiyo kabla hujavuka kivuko.

Ukishafika, kiti kina maana. Kaa katikati ya safu, kama theluthi mbili ya ukumbi kutoka mbele. Sauti za kumbi hupangwa kwa kulenga eneo hilo. Ukikaa pembeni kabisa, spika ya upande wako inafunika nyingine, na kwenye picha ya 3D vitu vinapinda. Miwani ya 3D ina giza lake, kwa hiyo ukipewa yenye alama za vidole, rudisha upewe nyingine kabla muvi haijaanza.

Muvi gani inastahili yote hayo? Ile ambayo sauti na ukubwa ndiyo hadithi yenyewe. The Odyssey ya Christopher Nolan, iliyopangiwa tarehe 17 Julai 2026, imo kwenye kundi hilo. Imepigwa yote kwa kamera za filamu za IMAX, mfumo wa picha kubwa kuliko za kawaida, na ni muvi ndefu ya kwanza kupigwa hivyo mwanzo hadi mwisho. Lakini lielewe jambo moja kabla ya kulipa nauli. Picha kamili ya filamu ya IMAX inakaribia mraba, upana 1.43 kwa urefu 1. Ukumbi wa kawaida una skrini pana, kwa hiyo sehemu ya juu na ya chini hukatwa. Unachokifuata Dar ni sauti na ukubwa, si picha nzima kama ilivyopigwa.

Pia Nolan ana mazoea ya kuacha muziki uyafunike mazungumzo, na ukumbini hakuna maandishi ya chini ya kukuokoa. Anayesikia Kiingereza kwa kubabaisha aisome hadithi kwanza. Ni ya Homer, na kurasa chache za muhtasari zinatosha: Odysseus anarudi kwao baada ya vita vya Troya na safari inamchukua miaka kumi, mkewe Penelope nyumbani anasumbuliwa na wachumba, mwanawe Telemachus anamtafuta baba. Ukiwa na majina hayo matatu kichwani, hata sentensi ikikupita, mkasa haukupiti.

Kibandani

Kibandani mtafsiri ni nusu ya muvi. Watanzania wengi waliuzoea mtindo huu kupitia mtafsiri Lufufu, na upande wa Kenya DJ Afro akaufikisha mbali. Sauti ya mtafsiri inarekodiwa juu ya sauti ya asili, na ya asili inashushwa kila anapozungumza. Faida na hasara zote zinatoka hapo hapo.

Mtafsiri hodari hakuhamishii sentensi kwa sentensi. Anakukumbusha huyu ni nani, alimdhulumu nani, na kwa nini stelingi ameingia na hasira. Muvi yenye wahusika ishirini, kama zile za Avengers, inafuatika kibandani kuliko ukumbini kwa mtu ambaye hakuona zilizotangulia. Tena muvi hizo zinataka kelele za watu. Adui akianguka, benchi zima linasimama, na hilo hulipati ukiwa peke yako na simu kitandani. Vivyo hivyo muvi za ngumi, za Kihindi zenye visasi, na za magari. Hadithi ni nyoofu na mwili unaeleza zaidi kuliko mdomo.

Kinachokufa ni ukimya na muziki. Mfano mzuri ni Sinners ya Ryan Coogler, ya mwaka 2025, dakika 137. Mkasa uko Mississippi mwaka 1932, na uti wa mgongo wake ni blues. Katikati kuna sehemu kijana anapiga gitaa na kuimba, na muziki wenyewe ndio unaosimulia. Hakuna la kutafsiri. Mtafsiri anayeogopa kunyamaza ataisemea sehemu hiyo mpaka iishe, na hapo muvi imekwisha hata kama bado ina saa nzima. Ajabu ni kwamba watu wa Bagamoyo, wanaoishi na ngoma za TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo, masikioni mwaka mzima, ndio wangeielewa sehemu ile haraka kuliko wengi. Iangalie kwa sauti yake ya asili.

Kuna tatizo la pili la muvi hiyo hiyo. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Smoke na Stack. Mtafsiri mwenye sauti moja kwa wote wawili anakuchanganya. Dawa ni macho: Smoke ni rangi ya buluu, Stack ni nyekundu. Shika kofia zao tangu mwanzo.

Kabla ya kulipa kiingilio, sikiliza dakika moja mlangoni. Ukisikia mdundo umejaa lakini maneno ya waigizaji yako mbali kama yanatoka kisimani, waya wa spika ya katikati umechomoka au haujawahi kuchomekwa. Kwenye muvi zenye sauti ya njia sita, karibu maneno yote hupita spika hiyo ya katikati. Mwenye kibanda akiongeza sauti anaongeza sabufa tu. Mwambie akague waya huo, au abadilishe mpangilio wa sauti kwenye mashine uwe wa njia mbili, maana hapo maneno yanagawiwa spika za kulia na kushoto. Ni kazi ya dakika mbili na inaokoa jioni nzima.

Tafsiri nyingi za vibandani hufanywa bila ruhusa ya mwenye muvi, na kila mtu anajua. Kwa muvi ya Kitanzania sioni udhuru wowote. Mtengenezaji yuko hapa hapa na anapatikana kwa simu.

Nyumbani kwa bando

Hii ndiyo njia ya muvi za maneno: kesi, familia, siri, mapenzi yaliyovunjika taratibu. Unasoma maandishi ya chini, unarudisha nyuma ulipopotea, unasimamisha kwenda kuswali.

Hesabu ya bando si ya kukisia. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, kwenye simu ubora wa kawaida unakula takriban GB 1 kwa saa 4, na ukiweka kubana data ni GB 1 kwa saa 6. Ukiacha ubora wa juu kabisa, GB 1 inaisha kwa dakika kama 20. Kwenye runinga, picha ya 1080 inafika GB 3 kwa saa. Kwa hiyo muvi ya dakika 137 ni chini ya MB 600 simuni na karibu GB 7 runingani. Wanaolia kwamba bando limeyeyuka karibu wote wana kosa moja: wameunganisha runinga kwa mtandao wa simu, na runinga imejichagulia ubora wa juu. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, chagua ubora wa kati, uone tofauti.

Pakua usiku kwa bando la usiku, lakini tazama tarehe. Muvi zilizopakuliwa zina muda wake, na nyingine hufungwa saa 48 baada ya kubonyeza kuanza. Anayepakua Jumatatu, akaionja dakika tano Jumatano, akasubiri Jumapili, atakuta haifunguki. Haki za muvi hugawanywa nchi kwa nchi, kwa hiyo usishangae muvi iliyotangazwa kwamba iko mtandaoni isionekane ukiitafuta Tanzania.

Kasoro kubwa ni ukubwa. Sehemu kubwa ya Sinners imepigwa kwa upana wa 2.76 kwa urefu 1. Kwenye runinga ya inchi 32 picha hiyo ina kimo cha sentimita 26 hivi, chini ya theluthi mbili ya kioo. Kwingine ni weusi. Kwenye simu ya inchi 6.5 inabaki sentimita 5 na nusu. Ikiwa ndiyo njia uliyo nayo, zima taa, vaa earphone za waya, na usibonyeze kitufe cha kukuza picha ijaze kioo, maana kinakata pembeni na mtu anayezungumza anaweza kuwa nje ya picha.

Kwa muvi za kwetu, chaneli ya Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo ya DStv zinakutosha bila hesabu ya bando. Muvi za watoto nazo, kama Toy Story 5 iliyopangiwa Juni 2026, zisubiri nyumbani. Mtoto ataitazama mara kumi, na safari moja ya Dar haimtoshi.

Nakala za haraka

Nitasema kidogo, kwa kuwa sizipendekezi. Muvi ikiwa bado iko kwenye kumbi duniani na tayari unauziwa kwenye flashi, mara nyingi imerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi. Jina la faili likiwa na CAM au HDTS umeshajibiwa. Picha imeinama, rangi zimepauka, kichwa cha mtu kinakatiza, na sauti ina mwangwi wa ukumbi. Mwenye kazi hapati kitu, nawe umeshaujua mwisho wa hadithi bila kuiona muvi. Miezi michache ya subira inakupa picha safi.

Uani na projekta

Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayodharauliwa bila sababu, na kwa muvi za Kiswahili inashinda zote. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, ni Zanzibar ya miaka ya 1950: mapenzi, vijiwe, siasa za kumng'oa Mwingereza. Watu wa Mrima wakiitazama pamoja hakuna anayehitaji kuelezwa kitu. Aisha ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Chande Omar na kutengenezwa na shirika la UZIKWASA, imepigwa Pangani, kilomita 50 hivi kutoka Tanga mjini. Inahusu ukatili wa kijinsia na namna kijiji kinavyonyamaza, kwa hiyo waondoe watoto wadogo, na acha nusu saa ya mazungumzo mwishoni. Muvi ile inayadai. Omba ruhusa ya mtengenezaji kwanza, na onyesho likiwa la wazi kwa umma, pitia taratibu za Bodi ya Filamu.

Projekta: kwenye kipimo cha mwanga, yaani lumeni, tazama neno ANSI, alama ya kwamba mwanga umepimwa kwa kiwango kinachotambulika. Yenye ANSI lumeni 3000 inatoa picha ya upana wa mita 2.5 hadi 3 ikiwa giza limeingia na hakuna taa ya barabarani karibu. Vile vidogo vya bei nafuu huandikwa maelfu ya lumeni kwenye boksi bila ANSI. Nyingi mwanga wake halisi ni mia mbili au tatu, nazo zinafaa picha ya mita moja na nusu tu, chumbani. Projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa mara 1.5 ya upana wa picha: picha ya mita 2.4, mita 3.6 kutoka ukutani.

Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa unashinda shuka. Shuka moja linapitisha mwanga upande wa pili, na upepo wa bahari, uwe kusi au kaskazi, unalipeperusha mpaka sura za waigizaji zinayumba. Likiwa ndilo pekee ulilo nalo, likunje mara mbili na ulibane ukutani pande zote nne, si juu tu.

Anza baada ya Isha, kama saa 2 na robo. Kabla ya Isha kuna mwanga wa machweo, na nusu ya watu hawajafika.

Matatizo matatu hujirudia:

- Sauti haiendani na midomo. Spika imeunganishwa kwa Bluetooth, ambayo huchelewesha sauti. Tumia waya.
- Simu imeunganishwa kwa HDMI, sauti inasikika, picha nyeusi. Programu za muvi zina kinga dhidi ya kunakiliwa, na waya au kigeuzi cha bei rahisi hakiitambui kinga hiyo. Onyesha kutoka kwenye faili uliyopewa na mtengenezaji.
- Faili haliingii kwenye flashi ingawa nafasi ipo. Flashi iko kwenye mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja linalozidi GB 4. Ifomati kwa exFAT, au NTFS ikiwa mashine ya kuonyeshea ni ya zamani, na ijaribu siku moja kabla. Faili likiingia lakini likatoa picha bila sauti au sauti bila picha, mashine haijui namna lilivyobanwa. Mwombe mtengenezaji toleo la H.264 lenye sauti ya AAC.

Kwa muvi ya nje yenye maandishi ya chini, faili la maandishi liitwe jina lile lile la muvi. Yakichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, unayasogeza kwa programu ya VLC na kazi imekwisha. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na midomo, ni ya toleo lenye kasi tofauti ya picha, 25 kwa sekunde dhidi ya 23.976. Baada ya saa mbili tofauti inakaribia dakika 5. Hayo kuyasogeza tu hakutoshi, tafuta mengine.

Umeme ukikatika, projekta ya balbu inaumia, kwa sababu feni inasimama balbu ikiwa bado ya moto. UPS ndogo ya kompyuta, yaani betri ya akiba, inatosha kuizima kwa utaratibu. Ya LED haina wasiwasi huo.

Desemba 18

Dune: Part Three na Avengers: Doomsday zimepangiwa siku moja, 18 Desemba 2026, na wengi watalazimika kuchagua. Kwa safari ya Dar au Nyali, chagua Dune. Muvi za Denis Villeneuve zinasimuliwa kwa mngurumo unaousikia kifuani, kwa jangwa, na kwa watu wanaotazamana bila kusema. Yote hayo hayavuki kuta za ukumbi. Jiandae kwa kuziona mbili za kwanza nyumbani, dakika 155 na dakika 166. Kwa ubora wa kawaida wa simu ni kama GB 1.3 kwa zote mbili. Asiyeziona asiende, ya tatu haitamsubiri.

Doomsday inaweza kungoja. Ukumbini itakuwa tamu kwa kelele za watu, lakini kelele hizo hizo zitakuwepo kibandani, na mtafsiri atakueleza kwa nini Robert Downey Jr., aliyekuwa Iron Man, sasa ni adui Doctor Doom. Mtu wa Bagamoyo anaweza kuziona zote mbili ukumbini kwa wiki mbili tofauti, onyesho la mchana. Wa Tanga aliyeamua kuziona zote kwa safari moja aanze na Dune mchana, Doomsday jioni, na alale Dar. Ratiba za kumbi hubadilika kila wiki, kwa kawaida Ijumaa, kwa hiyo kata tiketi ya basi baada ya kuiona ratiba mpya, si kabla.